Kulelewa Bila Kufutwa

Kwetu mgeni hatambuliwi kwanza kwa kazi yake wala kwa shule aliyosoma. Anaulizwa: "Wewe mtoto wa nani?" Akijibu, mengine yanafuata kwa upole: kwenu wapi hasa, ukoo upi, mama yako ametokea upande gani. Kwa watu wengi hiyo ni salamu ndefu tu. Kwa mtu aliyeasiliwa, yaani aliyepata wazazi kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano ya watu wazima waliomzunguka, swali hilo lina majibu mawili, na kila moja linaelekea kumuumiza mtu. Akiwataja waliomlea, anahisi amesema nusu ya ukweli. Akiwataja waliomzaa, ikiwa anawajua, anaogopa kuonekana amewakana waliokesha naye alipougua surua.

Akilalamika, anaambiwa ajikubali. Mchungaji humwambia hivyo, shangazi humwambia hivyo, na mshauri nasaha naye vivyo hivyo. Ni neno jema, lakini linamwachia peke yake kazi iliyopaswa kufanywa na wengi. Ninavyoliona mimi suala hili, kujikubali kwa aliyeasiliwa hujengwa kwa sehemu kubwa na vitu vilivyo nje ya moyo wake: nani alimwambia ukweli, alimwambia akiwa na umri gani, jina lake la kwanza liliandikwa wapi, na karatasi hiyo leo iko mikononi mwa nani. Kulelewa na mtu asiyekuzaa kunaweza kuwa neema tupu. Kufichwa ndiko kunakojeruhi, na kufichwa ni tendo la watu wengine.

Kulea mtoto wa mwenzako hakukuletwa na meli. Mtoto alipelekwa kwa bibi yake alipoachishwa ziwa, ili bibi asikae peke yake. Shangazi asiyejaaliwa alipewa mmoja wa watoto wa kaka yake. Mama mkubwa aliwachukua watoto wa marehemu mdogo wake kabla matanga hayajaanuliwa. Wagikuyu walikuwa na utaratibu wa kumwingiza mtu wa nje katika ukoo kwa kuchinja mbuzi, akahesabiwa amezaliwa upya humo, na watu wakashuhudia. Utaratibu ulitofautiana kutoka kabila hadi kabila, lakini ulikuwa na jambo moja la pamoja: ulifanyika mchana, mbele za watu. Mtoto alijua mama aliyemzaa anaishi mtaa gani, au amezikwa wapi. Aliweza kuwa na mama wawili bila mmoja kumfuta mwenzake.

Tusiyapambe mno hayo ya zamani. Mtoto wa kulelewa ndiye aliyeamshwa wa kwanza kwenda kisimani, na ada ikipungua ndiye aliyetolewa shule wa kwanza. Mpaka leo, siku ya kugawa shamba, kijana aliyekaa miaka 20 katika nyumba anaweza kuambiwa na watoto wa kuzaliwa kwamba hapa si kwao. Na akikosea, hata kosa dogo la ujana, hutokea mtu wa kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo imewaumiza watoto wengi waliolelewa kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu inamwambia mtoto kwamba yote aliyofunzwa na waliomlea ni rangi ya juu tu. Wazee wetu hao hao walisema pia kuzaa si kazi, kazi kulea. Jamii inayo methali ya kumjenga na ya kumbomoa, na huchagua kulingana na siku.

Kwa msomaji Mwislamu mfano mkubwa upo karibu, nao ni wa Zayd bin Haritha. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akafika katika nyumba ya Bibi Khadija na baadaye akawa wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Baba yake hakuacha kumtafuta. Alipopata habari zake alifunga safari hadi Makka pamoja na ndugu yake, wakiwa na fidia mkononi. Hawakuambiwa mtoto si wao tena. Zayd aliitwa, akapewa hiari ya kwenda na baba yake au kubaki, naye akachagua kubaki. Mtume akamtangaza kuwa mwanawe na watu wakamwita Zayd bin Muhammad, mpaka ziliposhuka aya za Suratul Ahzab zilizoamuru watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Na katika sura hiyo hiyo ndimo lilimotajwa jina lake, naye ni sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani.

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu mara nyingi husomwa kama katazo tu: Uislamu hauruhusu kumpa mtoto wa watu jina lako, basi. Ndani yake kuna mambo mengine. Baba aliyepotelewa na mwana aliheshimiwa na kusikilizwa. Mwana mwenyewe aliulizwa, hakuamuliwa. Na mapenzi kati ya mlezi na aliyelelewa hayakukoma jina lilipobadilika. Hiyo ndiyo misingi ya kafala, malezi kamili yasiyomnyang'anya mtoto nasaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina katika ibara ya 20, Zanzibar iliipa nafasi katika Sheria ya Watoto ya 2011, na Kenya katika Sheria ya Watoto ya 2022.

Kafala nayo ina pembe zake kali. Mtoto aliyelelewa hivyo harithi kwa mafungu ya mirathi, na mlezi asipoacha wasia, ambao hauwezi kuzidi theluthi, au asipotoa hiba angali hai, msiba mmoja unaweza kumtoa mtu nje ya nyumba aliyoijua tangu utotoni. Binti akifika siku ya kuolewa, baba aliyemlea hawi walii wake kwa haki ya malezi peke yake, na kadhi huingia. Mvulana akibaleghe, suala la umaharimu, yaani undugu unaozuia ndoa, linamsubiri mama mlezi, isipokuwa kama alimnyonyesha au alinyonyeshwa na dada yake mama huyo. Familia zinazoyajua haya mapema huyapanga: hiba inaandikwa, mtoto ananyonyeshwa na jamaa, walii anazungumzwa kabla ya posa. Zisizoyajua humwacha mtoto ayagundue mbele ya watu, siku ambayo alitaka kuwa kama wenzake wote.

Njia ya pili ni ya mahakama, na chimbuko lake kwetu ni Uingereza. Huko sheria ya kwanza ya kuasili ilipitishwa mwaka 1926, na fikra yake ilikuwa kukata na kuunga: uhusiano wa kisheria na waliomzaa unakatika, mwingine unaanza, na mtoto anahesabiwa kana kwamba alizaliwa na wazazi wapya. Siri iliongezwa juu yake ili kumlinda mama asiyeolewa na aibu, kumlinda mtoto na tusi la kuzaliwa nje ya ndoa, na kuwalinda walioasili wasije kudaiwa mtoto. Uskochi ilitofautiana mapema; tangu mwaka 1930 aliyeasiliwa huko aliweza kuiona kumbukumbu ya kuzaliwa kwake akifikisha miaka 17. Uingereza yenyewe ilisubiri hadi sheria ya mwaka 1975.

Sheria za namna hiyo zililetwa Tanganyika na Kenya wakati wa ukoloni, zikabaki baada ya uhuru, na zimeandikwa upya mara kadhaa. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Maombi yanakwenda Mahakama Kuu, afisa ustawi wa jamii anachunguza nyumba, na amri ikitoka jina la mtoto linaingia katika rejista ya walioasiliwa. Ndani yake kuna kifungu kinachostahili kujadiliwa zaidi ya kinavyojadiliwa. Kinamtaka mzazi aliyeasili amweleze mtoto kwamba ameasiliwa na kwamba wazazi wake ni akina nani, lakini iwapo tu jambo hilo lina maslahi kwa mtoto, na akiwa ametimiza angalau miaka 14. Tena mtu mwingine yeyote haruhusiwi kumwambia.

Naielewa nia ya waliokiandika. Walitaka habari nzito imfikie mtu mwenye akili ya kuipokea. Lakini nadhani kimekosea umri, na kosa hilo ni kubwa. Miaka 14 ndiyo miaka ambayo mwili unabadilika, sauti inavunjika, mtoto anaanza kujitafuta usoni kwenye kioo. Kumwambia wakati huo kwamba uso huo umetoka kwa watu asiowajua ni kumpa habari mbili kwa pamoja: kwamba aliasiliwa, na kwamba watu anaowaamini kuliko wote wamenyamaza tangu alipoanza kuongea. Ya kwanza inaweza kumezwa kwa muda. Ya pili hukaa. Halafu hakuna kifungu kinachoweza kuwanyamazisha majirani. Mtaa mzima uliona kwamba mama hakuwa na mimba. Binamu wanajua, dada wa kazi anajua, mwalimu anahisi. Siku ya ugomvi juu ya mpira au nguo, mmoja atasema, na habari iliyostahili kutoka kwa mama akiwa amemshika mtoto mkono itatoka kinywani mwa mtoto mwenzake, kama tusi.

Utafiti uliofanywa katika nchi nyingine unaelekea upande huo huo. Mwanasosholojia David Kirk, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, alizigawa familia zilizoasili makundi mawili: zinazokana kwamba zina tofauti na familia nyingine, na zinazoikiri tofauti hiyo. Alihoji kwamba zinazokiri ndizo huzungumza vizuri zaidi na watoto wao. Baadaye mwanasaikolojia David Brodzinsky alionyesha kuwa mtoto wa miaka minne anaweza kurudia kwa furaha hadithi ya jinsi alivyochaguliwa, lakini akifika kati ya miaka sita na minane huanza kuielewa upande wa pili: ili uchaguliwe na hawa, kuna waliokuachilia. Hapo huzuni huingia hata katika nyumba yenye upendo tele. Ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyepoteza, na mzazi anayeijua haitafsiri kuwa utovu wa shukrani. Maana yake ni kwamba hakuna siku moja ya kumwambia mtoto. Anaambiwa akiwa mdogo kwa maneno madogo, anaambiwa tena anapoanza shule, na tena kila anapouliza.

Je, walioasiliwa ni watu waliovunjika? Hapana, na hapa ushahidi ni mzuri. Femmie Juffer na Marinus van IJzendoorn wa Uholanzi walikusanya tafiti 88 zenye watu 10,977 walioasiliwa, wakachapisha matokeo mwaka 2007: kwa kujithamini, walioasiliwa hawakutofautiana na wengine. Hili lisemwe kwa sauti, hasa kwa kijana anayedhani kuna kasoro aliyozaliwa nayo. Lakini wastani hauondoi maumivu ya walio pembezoni. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu walioasiliwa kutoka nchi nyingine, ukaona hatari ya kujiua na ya maradhi ya akili ikiwa juu zaidi kwao kuliko kwa vijana wengine wa nchi hiyo, ingawa walio wengi hawakupata matatizo hayo. Ukiziweka tafiti hizo pamoja, unaona watu wenye uwezo kamili wa kujipenda, ambao baadhi yao wamewekwa katika mazingira yanayowakatalia.

Hakuna anayeonyesha mazingira hayo waziwazi kama mshairi Lemn Sissay. Alizaliwa Uingereza mwaka 1967, mwana wa mwanafunzi wa Kihabeshi aliyekuwa huko kwa masomo. Mama aliomba mtoto atunzwe kwa muda wakati anamaliza mambo yake. Afisa aliyesimamia kesi akampa mtoto jina lake mwenyewe, Norman, akamweka katika familia ya Kizungu na kuiambia ihesabu kwamba imeasili. Alikua akijua kwamba hao ndio mama na baba. Alipofika miaka 12 wakamrudisha kwa halmashauri, naye akapitishwa makao baada ya makao. Alipokuwa na miaka 17 ndipo alipokabidhiwa cheti chake cha kuzaliwa na kuliona jina lake, na pamoja nacho barua ambayo mama yake alikuwa ameiandika mwaka 1968, akimtaka mtoto wake arudishwe.

Barua hiyo ilikuwa kwenye faili muda wote. Kila usiku aliolala akiamini hakuna aliyemtaka, uthibitisho wa kinyume chake ulikuwa kabatini, katika ofisi ya umma. Alimtafuta mama yake akamkuta akifanya kazi Gambia. Alidai mafaili yake kwa karibu miaka 30 na kuyapata mwaka 2015, mwaka ule ule alipokuwa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 2019 akachapisha kumbukumbu zake, My Name Is Why, akizijenga juu ya kurasa za mafaili yenyewe. Angeambiwa ajikubali na nini kabla ya hapo? Alichokuwa nacho cha kukubali kilikuwa jina la afisa na hadithi ya uongo.

Mpishi Marcus Samuelsson anatupa kisa kilicho tofauti. Yeye naye ni mtoto wa Uhabeshi. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu, na Marcus na dada yake wakaasiliwa na wanandoa wa Göteborg, Sweden. Alilelewa kwa mapenzi, akajifunza kupika kwa bibi yake wa Kiswidi, akaja kufungua mkahawa maarufu Harlem, New York. Hakufichwa kwamba ameasiliwa. Rangi yake isingeruhusu. Hata hivyo alikua akidhani ni yatima kabisa, na akiwa mtu mzima ndipo ilipojulikana kwamba baba yake yu hai, tena Marcus ana wadogo wengi. Katika kitabu chake Yes, Chef cha mwaka 2012 anawazungumzia bibi wa Sweden na ndugu wa Uhabeshi bila kumtoa mmoja ili kumweka mwingine.

Yatima asiye yatima: jambo hili limejirudia mno katika ukanda wetu, na chanzo chake si uhalifu peke yake. Mzazi wa kijijini Ethiopia au Uganda aliyetia saini au dole gumba aliyaelewa yale makaratasi kwa desturi aliyoijua. Kwake, kumpeleka mtoto kwa watu wenye uwezo ni kumpeleka akasome, akue, akumbuke nyumbani, arudi. Upande wa pili wa meza, wakili na wanandoa wa ng'ambo walisoma karatasi hiyo hiyo kwa sheria yao, iliyosema uhusiano umekatika milele. Kila upande uliondoka umeridhika, na mtoto akabeba kutoelewana huko maisha yake yote. Palipoingia fedha, mambo yaliharibika zaidi. Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili kwa tuhuma za kushiriki katika mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi wao kwa udanganyifu.

Serikali zilianza kufunga milango. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilisitisha vibali vya watoto kutoka nchini Septemba 2013. Kenya ilizuia wageni kuasili watoto wake Novemba 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Nchi zilizopokea zikajichunguza pia: Uholanzi ilisimamisha utaratibu huo mwaka 2021 baada ya tume yake kukuta dhuluma za miaka mingi. Hatua hizo nyingi zilikuwa za lazima. Ila mtoto aliyekwisha kuondoka hafaidiki na mlango uliofungwa nyuma yake. Yeye anahitaji kujua ni nani alitia saini.

Wapo waliolazimika kuidai haki hiyo uzeeni. Chini ya utawala wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika katika Congo, Rwanda na Burundi waliondolewa kwa mama zao na kukusanywa katika misheni, kama Katende kule Kasai na Save nchini Rwanda. Uhuru ulipokaribia, mamia ya waliokuwa Save walisafirishwa hadi Ubelgiji wakagawiwa kwa familia, na wapo walioasiliwa. Majina na tarehe za kuzaliwa zilibadilishwa, ndugu wakatenganishwa. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Aprili 2019. Wanawake watano waliokuwa wamepelekwa Katende wakiwa wadogo wakaishtaki dola ya Ubelgiji; walishindwa kwanza, wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kuchukuliwa kwao kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, kila mmoja akalipwa euro 50,000. Pamoja na fidia, watoto hao wa zamani wamepigania sana kufunguliwa kwa nyaraka. Watu wenye wajukuu wanataka kujua majina ya mama zao.

Turudi nyumbani, maana siku hizi wengi wanaoasili Kenya na Tanzania ni wenyeji. Kwa aliyeasiliwa hapa hapa, ngozi haimsemi. Anaweza kuishi miaka 40 bila mgeni yeyote kushuku. Hilo ni faraja, na pia ndilo linaloifanya siri iwezekane.

Mambo yanayoivumbua ni ya kawaida sana. Mchumba anapoleta posa, wazee wanataka kujua ukoo, kwa sababu katika makabila mengi watu wa ukoo mmoja hawaoani, na hofu ya kuoa ndugu bila kujua ni hofu halisi. Daktari anauliza kama kuna kisukari au shinikizo la damu katika familia. Wachumba wanashauriwa kupima selimundu, kwani wakiwa wote wawili wana vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hapa angalau kipimo cha damu kinamwambia mtu lile ambalo hakuna wa kumsimulia. Ofisi ya vitambulisho nayo inataka majina ya wazazi, na katika kaunti za mpakani Kenya waombaji walihojiwa mpaka juu ya mababu, hadi serikali ilipotangaza kuuondoa utaratibu huo Februari 2025. Kwa aliyeokotwa akiwa mchanga Katiba ya Kenya ya 2010 ina huruma: mtoto aliyekutwa nchini akionekana ana chini ya miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Ibara ya 14 haimuulizi alipotoka kabla ya kumpa nchi.

Kwa nini basi familia nzuri, zenye upendo usio na shaka, huchagua kunyamaza? Nimesikiliza hoja nyingi, na nyingi hudai kumlinda mtoto. Nikizichunguza naona mara nyingi anayelindwa ni mama. Katika jamii zetu mwanamke asiyezaa ameteswa kwa maneno, kwa kuongezewa mke wa pili, kwa kunyimwa hata jina, maana mwanamke huitwa kwa mwanawe: Mama Asha, Mama Juma. Anayeasili akasafiri mkoa mwingine na kurudi na mtoto mchanga, akapokea pongezi za uzazi, anajiokoa na aibu ambayo hakuistahili. Kuanzia hapo, kumwambia mtoto ukweli ni kuwaambia mawifi wote. Siri ya mtoto imefungwa pamoja na jeraha la mama, na mtoto hawezi kuipata yake mpaka mama aipone yake. Ndiyo maana siamini kampeni ya kuwahimiza watu waasili inaweza kufanikiwa bila kuzungumza wazi juu ya utasa, na wa wanaume pia, ambao hutajwa kwa nadra.

Kisha kuna deni la shukrani. Mtoto wa kuzaliwa anaweza kununa, kufeli mtihani, kukataa kazi aliyotafutiwa, na akabaki mtoto. Aliyeasiliwa akinuna, kuna anayemuuliza angekuwa wapi leo. Swali hilo ni katili hata likisemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu linaugeuza utoto kuwa mkopo. Wengi hulijibu kwa kuwa watoto wazuri kupita kiasi: hawaombi, hawakosei, hawamtaji aliyewazaa. Nyumba inajisifu kwamba mtoto huyu hana shida kabisa, wakati yeye amejifunza tu kutokuwa na uzito. Wazazi wote wanastahili shukrani. Haistahili kuwa bei ya kulala chini ya paa.

Kujikubali, pale kunapotokea, hakufanani kwa watu wote. Wapo wanaomtafuta mama aliyewazaa wakapata kumbatio, na wapo wanaomkuta ameolewa kwingine, mume hajui, na mlango unafungwa kwa kunong'ona. Wapo wanaopata ndugu wenye pua kama yao na wakagundua hawana la kuzungumza baada ya chakula. Wapo pia wasiotaka kutafuta, na hao waachwe. Kutotaka kwao si kuukimbia ukweli. Zayd alipewa hiari, akabaki. Jambo la msingi ni hiari iwepo, na hiari haipo bila habari. Mtu anayejua jina la mama yake, kijiji, na sababu iliyomfanya asiweze kumlea, anaweza kuamua asiende. Asiyejua lolote amekwisha kuamuliwa.

Ndiyo maana naona suala la dharura zaidi kwa sasa ni la makabati. Rwanda imekuwa ikifunga makao ya watoto yatima tangu mwaka 2012 na kuwapeleka watoto katika familia. Kenya ina mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 wenye lengo kama hilo. Naunga mkono kwa moyo wote, kwani mtoto anahitaji nyumba. Lakini kila makao yana daftari: tarehe mtoto alipoletwa, nani alimleta, alikutwa wapi, alivaa nini, polisi waliandika nambari gani katika kitabu cha matukio, nani alimpa jina. Kwa walio wengi hayo ndiyo maandishi pekee ya mwanzo wao duniani. Makao ya binafsi yakifungwa, daftari hizo hubaki kwa mwanzilishi, au kwa kanisa, au stoo kwa mchwa. Kabla ya leseni kufutwa, ziorodheshwe, zinakiliwe, zikabidhiwe kwa saini kwa ofisi ya watoto ya kaunti au ya ustawi wa jamii ya wilaya, na kila aliyetajwa humo aruhusiwe kuusoma ukurasa wake wote akitimiza miaka 18, bila wakili na bila kuomba kibali cha mtu yeyote.